Gitaa la Pili: Albamu Mpya za Roki Zilivyosikika Tabora

Albamu ninazozizungumzia hapa nilizisikiliza kwanza usiku kwa spika za masikioni, nyumbani kwangu Cheyo, kisha nikazirudia mchana katika kibanda cha fundi redio mmoja karibu na soko kuu, mzee mwenye spika mbili kubwa za mbao na amplifaya aliyoifufua kwa mikono yake mwenyewe. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu maoni yangu juu ya albamu mbili yalibadilika nilipotoka chumbani na kwenda kibandani, na msomaji anayetaka kutumia fedha yake na bando lake ana haki ya kujua nilisikiliza kwa vyombo gani.

Muziki wa roki, hasa huu uitwao indi, yaani wa bendi zinazotoa kazi zao kupitia kampuni zinazojitegemea, haujazoeleka mjini kwetu. Muziki wa magitaa, kwa upande mwingine, tumeuzoea mno. Huu ni mji wa Kiko Kids na Tabora Jazz, na hata Western Jazz, iliyovuma ikiwa Dar es Salaam, ilichukua jina lake kutoka Jimbo la Magharibi, ambalo makao yake makuu yalikuwa hapa Tabora. Mtu aliyekulia katika nyumba ambamo santuri za bendi hizo zilikuwa zikifutwa vumbi kila Jumapili huisikiliza bendi yoyote ile akilitafuta kwanza gitaa la pili, lile la rithimu, linaloshika njia wakati solo linatembea, na linaloendelea kuishika hata solo likipotea. Hicho ndicho kipimo nilichotumia. Sikukusudia kukitumia, nilikigundua katikati ya kusikiliza, nilipoona kwamba nyimbo nilizokuwa nikizirudia zote zilikuwa na mtu wa namna hiyo ndani yake, na nyimbo nilizoziruka hazikuwa naye.

Nianze na kazi iliyonishika kuliko zote, ambayo kwa kweli ni albamu mbili zenye nyimbo zilezile. Mdou Moctar, mpiga gitaa wa Kituareg kutoka Niger, alitoa Funeral for Justice tarehe 3 Mei 2024 kupitia kampuni ya Matador, kisha tarehe 28 Februari 2025 akatoa Tears of Injustice, ambamo nyimbo hizo zimepigwa upya kwa magitaa yasiyotumia umeme. Kisa chake kinahuzunisha. Mwezi Julai 2023, bendi ikiwa ziarani Marekani, wanajeshi walimpindua rais wa Niger, mipaka ikafungwa, na wanamuziki hawa wakajikuta hawawezi kurudi kwa familia zao. Ziara ilipokwisha waliingia studio huko Brooklyn wakazipiga upya nyimbo zilizokuwa zimekwisha kuandikwa kwa hasira, safari hii wakiziimba kama watu waliokaa mkekani msibani.

Historia ya mwanamuziki huyu inaeleweka Tabora bila mkalimani. Gitaa lake la kwanza alilitengeneza mwenyewe, nyuzi zake zikiwa waya za breki za baiskeli, na nyimbo zake za mwanzo zilihama kutoka simu moja hadi nyingine, kwa memori kadi na kwa Bluetooth, katika miji ya ukanda wa Sahara, muda mrefu kabla jina lake halijafika Ulaya na Marekani. Sisi tuliokuwa tukipeleka kadi zetu kwa mwenye kompyuta ili atujazie nyimbo tunajua vizuri kwamba wimbo mtamu hausubiri kutangazwa redioni. Jirani anausikia kwenye simu yako, anaomba umrushie, na wiki inayofuata unausikia kwenye bajaji ya mtu usiyemjua.

Katika wimbo unaoipa albamu ya kwanza jina lake, magitaa na ngoma huanguka pamoja kwa mapigo mazito kabla sauti haijaingia, kama mlango unaogongwa na mtu asiyekubali kuambiwa kwamba wenyewe hawapo. Maneno yake, ambayo ni ya Kitamasheq, lugha ya Watuareg, yanawahoji viongozi wa Afrika kuhusu wanamsikiliza nani na wanamtumikia nani, na mbele zaidi upo wimbo unaoishitaki Ufaransa moja kwa moja kwa yale iliyoyatenda katika nchi hizo. Mdou hupiga kwa mkono wa kushoto, tena kwa vidole vitupu, na solo lake hububujika kwa kasi ambayo masikio huchelewa kuifuata. Hata hivyo, lazima niseme kwamba toleo hili la umeme limebanwa sana katika kurekodiwa. Kila kitu kinapiga kelele kwa kiwango kimoja, na Ahmoudou Madassane, mpiga gitaa wa pili, ambaye mkono wake ndio unaoipa bendi mwendo wa ngamia, anazama nyuma ya solo kiasi kwamba kwa spika za masikioni nilikuwa nikimsikia kwa kumkisia tu.

Toleo la pili ndilo lililomtoa mafichoni. Nililipeleka kibandani siku ya Jumanne asubuhi, kabla jua halijawa kali, na mzee alikuwa amefungua redio ya mteja, vipande vyake vimepangwa juu ya gazeti. Wimbo wa kwanza ulipoanza hakuinua kichwa. Ulipofika wa pili aliweka chini kifaa chake cha kulehemu, na vidole vya mkono wake wa kushoto vikaanza kukanyaga ukingo wa meza kana kwamba ukingo ule ni shingo ya gitaa. Aliniuliza, “Hawa ni wa upande gani wa Kongo?” Nilipomwambia, “Si Wakongo, mzee, ni watu wa jangwani, Niger,” alinyamaza mpaka wimbo ukaisha, kisha akasema, “Huyo anayepaa ni fundi. Lakini mwanangu, msikilize huyo aliye chini yake, ndiye aliyewabeba wote.” Mzee huyu alipiga gitaa la rithimu ujanani mwake katika bendi ambayo haikuwahi kurekodiwa, na sijawahi kumsikia akimsifu mpiga gitaa yeyote aliye hai.

Alikuwa na haki. Katika Tears of Injustice gitaa la Madassane linasikika hadi kwato zake: kila mshindo wa kidole gumba juu ya mbao, kila mara waya unapokwaruzwa kidogo kabla ya kutoa sauti. Makofi na ngoma vimewekwa mbali kidogo, kama watu waliokaa upande wa pili wa moto. Wimbo uitwao Imouhar, unaowahimiza Watuareg wailinde lugha yao, ulikuwa katika toleo la umeme wimbo wa kuamrisha. Hapa umekuwa wimbo wa kusihi, na kwangu mimi umekuwa mzito zaidi, kwa sababu naandika katika mji ambamo watoto wengi wa Kinyamwezi wanaitikia salamu ya bibi yao kwa Kiswahili. Wimbo wa mwisho, Modern Slaves, huenda polepole, sauti za kuitikia zikimzunguka mwimbaji, na sijaweza kuusikiliza huku nikifanya kazi nyingine. Anayetaka kununua moja tu kati ya hizi mbili anunue hii ya pili. Anayeweza zote mbili aanze na ya umeme, ili ajue ni hasira gani imetulizwa.

Sasa The Cure. Bendi hii ya Uingereza ilikaa miaka 16 bila kutoa albamu ya studio, kutoka 2008 hadi tarehe 1 Novemba 2024, ilipotoa Songs of a Lost World yenye nyimbo nane. Baadhi ya nyimbo hizo ilikuwa imekwisha kuzipiga jukwaani tangu mwaka 2022, na jambo hilo linasikika: hazina wasiwasi wowote. Wimbo wa kwanza, Alone, unakwenda zaidi ya dakika tatu kabla Robert Smith hajafungua mdomo, na wa mwisho, Endsong, unapita dakika kumi, zaidi ya nusu yake ikiwa ni vyombo tu. Msikilizaji wa leo, aliyezoeshwa kiitikio kifike kabla ya dakika moja kwisha, anaweza kudhani faili lake limeharibika. Mzoefu wa dansi hatashtuka. Bendi zetu zilijua kumwacha mpenzi avute kiti, aagize kinywaji, atazame nani yupo ukumbini, ndipo mwimbaji aingie.

Gitaa la pili la albamu hii ni besi. Simon Gallup hapigi besi kama mtu anayejaza nafasi chini ya wengine. Besi yake ndiyo inayobeba sauti ya wimbo, nayo magitaa na kinanda vinaning'inia juu yake kama mawingu. Hapa ndipo maoni yangu yalipobadilika. Kwa spika za masikioni nilizokuwa nazo, ambazo niliuziwa katika duka moja la hapa mjini kwa bei ya kitu halisi nazo hazikuwa halisi, albamu nzima ilisikika kama mvua ya mbali, na niliandika katika daftari langu neno moja: “imepwaya.” Nilikuwa nimepakua faili la kiwango cha chini ili kuokoa bando. Kosa lilikuwa langu na la vifaa vyangu. Muziki wenye matabaka mengi ya kinanda na matoazi ndio wa kwanza kuharibika faili linapobanwa, kwa maana kinachokatwa kwanza ni zile sauti za juu na zile mwangwi ndogo ambazo ndizo zilizojenga nyumba ya wimbo. Kinachobaki ni mchakacho. Nilipopakua upya kwa kiwango cha juu, ambacho kwa dakika takriban 50 kilinigharimu kama megabaiti 120 badala ya 50, na nikaipeleka kwenye spika za mbao, besi ya Gallup ilitikisa bati la kibanda, na nililifuta neno lile.

Wimbo ninaoutaka msomaji ausikilize hata kama hatausikiliza mwingine ni I Can Never Say Goodbye, ambao Smith aliuandika kwa ajili ya kifo cha kaka yake, Richard. Kinanda kinashika noti chache sana na kuzirudia, kama mtu anayezunguka chumba kimoja akisahau alichokifuata humo. Nilimzika kaka yangu mwezi wa nane, miaka mitatu iliyopita, na baada ya arobaini, watu walipokwisha kutawanyika na sufuria za watu kurudishwa, nilikuwa nikizunguka hivyo hivyo. Sikutarajia kuikuta hali ile katika muziki wa mtu wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1959. Maneno ya wimbo ni machache na ya kawaida kabisa, na ndiyo yaliyostahili. Upungufu wa albamu uko katikati: Drone:Nodrone inataka kuwa kali lakini gitaa lake linazunguka palepale bila kupata pa kushuka, na niliiruka kuanzia mara ya tatu.

Fontaines D.C. wa Dublin, ambao herufi mbili za mwisho wa jina lao husimama badala ya jina la jiji lao, walitoa Romance tarehe 23 Agosti 2024. Ni albamu yao ya nne, na ya kwanza kutayarishwa na James Ford. Wimbo wao Starburster ulitokana na mshtuko wa hofu uliompata mwimbaji, Grian Chatten, akiwa katika stesheni ya St Pancras huko London, na ndani yake kuna mahali ambapo anavuta pumzi kwa nguvu, kwa sauti kubwa, mara kwa mara, pumzi ile ikitumika kama pigo la ngoma. Nilipoucheza kibandani, mama mmoja auzaye mahindi ya kuchoma ng'ambo ya barabara alivuka na kuuliza kama kuna mgonjwa wa pumu ndani. Tulimwonesha spika. Alisimama akasikiliza hadi pumzi ile ikarudi tena, akatikisa kichwa, akasema, “Huyo kijana anateseka kweli.” Sijasoma uhakiki wa wimbo huo ulioufikia ukweli wake kwa haraka kiasi hicho.

Albamu nzima, hata hivyo, haiwi na ujasiri wa wimbo huo. Albamu yao ya kwanza ya mwaka 2019 ilikuwa na magitaa mawili yaliyokwaruzana kama majirani wenye mpaka mmoja. Hapa Ford amewatengea kila mmoja eneo lake, ameyafuta makwaruzo, amemwaga kinanda na nyuzi za fidla katikati, na nyimbo kadhaa za katikati zimetoka nzuri, laini, na rahisi kusahaulika. Inapendeza kumsikia Conor Curley, mpiga gitaa, akipewa nafasi ya kuimba Sundowner, ambao unaelea vizuri. Lakini ni wimbo wa mwisho, Favourite, ulionirudisha. Magitaa mawili yanaongea kwa noti safi, moja likiuliza na jingine likijibu kabla swali halijaisha, na lile la chini haliachi mzunguko wake tangu mwanzo hadi mwisho. Ungeupunguza mwendo kidogo na kuongeza tumba, ungepigwa katika ukumbi wowote wa hapa na watu wakasimama.

Kuhusu Pulp, bendi ya Uingereza kutoka Sheffield, nitasema kwa kifupi. More, iliyotoka tarehe 6 Juni 2025 kupitia kampuni ya Rough Trade, ni albamu yao ya kwanza tangu mwaka 2001, imerekodiwa kwa wiki tatu na Ford huyo huyo, na imetolewa kwa heshima ya Steve Mackey, mpiga besi wao aliyefariki mwaka 2023. Jarvis Cocker, anayeiongoza bendi kwa sauti yake, ni msimulizi kuliko kuwa mwimbaji, na raha yake inakaa katika maneno ya Kiingereza cha mitaa ya Sheffield. Msikilizaji asiyekifuata Kiingereza hicho kwa karibu atabaki na muziki uliotengenezwa kwa adabu, lakini usiomhitaji sana. Wet Leg, bendi kutoka kisiwa cha Wight iliyotoa moisturizer tarehe 11 Julai 2025, ina besi kali zaidi na nyimbo fupi zaidi, na vijana wawili wanaoosha pikipiki jirani na kibanda waliomba irudiwe. Mimi sikuirudia nyumbani.

Geese ndio walionisumbua. Ni vijana wa Brooklyn walioanza wakiwa shuleni, na Getting Killed, iliyotoka tarehe 26 Septemba 2025, waliirekodi kwa muda wa siku kumi huko Los Angeles wakiwa na mtayarishaji Kenneth Blume, ambaye jina lake lilijengwa katika muziki wa rapu. Imesifiwa sana. Mara ya kwanza niliizima katika wimbo wa kwanza, kwa kuwa Cameron Winter anaimba kama mtu aliyeamshwa usingizini nyumba ikiungua, na sauti hiyo ikiwa masikioni usiku wa manane haivumiliki. Kibandani mambo yakawa mengine. Katika hewa ya mchana, magari yakipita, sauti yake ikawa moja ya sauti za mtaa, na chini yake nikaanza kumsikia Max Bassin, mpiga ngoma, ambaye ndiye kiini cha bendi hii. Wimbo uitwao Taxes huanza kwa ngoma na sauti peke yake, ngoma zikijikunja na kujikunjua kama ngoma za jando, na magitaa yanapoingia kwa pamoja, tena yakiwa angavu, ni kama mtu amefungua madirisha yote ya nyumba. Emily Green anajua kungoja, na kwa mpiga gitaa wa umri wake hilo ni jambo la kuheshimiwa. Bado ninaona kwamba nyimbo mbili au tatu zinategemea fujo pale palipohitajika wimbo, na kwamba Winter angepata zaidi kwa kuimba kidogo. Lakini nimeisikiliza mara saba, na mara hizo saba hakuna aliyenilazimisha.

Kwa atakayetaka kununua, mpangilio wangu ni huu: Tears of Injustice kwanza, tena kwa kiwango chochote cha faili, kwa kuwa gitaa kavu halipotezi mengi, Songs of a Lost World kwa kiwango cha juu tu, na kwa spika zenye besi ya kweli, la sivyo fedha ikae mfukoni, Getting Killed isikilizwe mchana, na kutoka Romance zichukuliwe nyimbo tatu nilizozitaja. Spika za masikioni nimekwisha kununua nyingine, safari hii baada ya kuzijaribu palepale kaunta kwa wimbo wa The Cure, na nashauri kila mtu afanye hivyo kabla ya kutoa fedha.

Fundi aliniomba nimwachie Tears of Injustice kwenye memori kadi yake ya gigabaiti nne, ambayo tangu mwanzo ilikuwa na nyimbo za Kiko Kids na za Tabora Jazz peke yake. Juzi nilipopita alikuwa akiicheza kwa mteja aliyeleta feni, na kabla sijaaga aliniuliza kama watu wale wa jangwani wana ndugu zao wanaopiga harusini. Nilimwambia wapo, kundi la Agadez liitwalo Etran de L'Aïr, ambalo harusi ndiyo shule yake, na ambalo lilitoa albamu mwezi Septemba 2024 yenye magitaa matatu hadi manne yakienda kwa pamoja. Nimekwisha kuipakua, kwa kiwango cha juu. Jumamosi anafunga saa nane, na amesema tutaisikiliza baada ya hapo, milango ikiwa imeegeshwa.